Mota Niliyomchagulia Mbwana

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Wingu limelala juu ya Kariakoo tangu asubuhi na mvua haikushuka. Nimefungua madirisha yote ya chumba hiki cha ghorofa ya tatu, na bado hewa haiingii.

Leo nimefanya jambo baya. Naliandika hapa kwa sababu sijapata mtu wa kumwambia.

Mdogo wangu, Mbwana, anaishi Kigamboni, ng'ambo ya Magogoni. Alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia, wa tagi bandarini, zile boti fupi zinazovuta meli kubwa hadi gatini. Mwaka juzi alipigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukabaki kuning'inia. Daktari alimwambia apumzike. Yeye akanunua kayaki kuukuu kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao: mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, rangi ya chungwa, ambao mtu hukaa juu yake akapiga kasia. Hulipiga kasia hilo kwa mkono mmoja na nusu na kuvua kwa mshipi. Sijui kitu kingine kinachomwamsha asubuhi.

Mwezi uliopita maji ya kupwa yalimchukua. Yalimpeleka kwenye njia ya meli, naye akawa anapiga kasia huku anazunguka tu mahali pamoja. Wavuvi walimfunga kamba wakamrudisha. Alifika pwani anacheka. Mimi sikucheka. Nilimwapisha kwamba hatazivuka tena zile boti zilizotia nanga mbele ya nyumba yake, naye akaapa.

Kisha akasikia habari za mota ndogo ya umeme. Hufungwa nyuma ya kayaki na hutumia betri. Haina moshi wala makelele. Akanipigia simu.

"Dada, wewe uko hapo hapo Kariakoo. Na katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako unayesoma maandishi madogo. Nichagulie."

Nichagulie.

Asubuhi nimekwenda kwenye duka moja lililo katikati ya maduka ya pampu za maji. Muuzaji ni mwanamume wa makamo, mcheshi kupita kiasi.

"Shikamoo, mama. Mota ya boti? Umetumwa au unakwenda kuvua mwenyewe?"

"Marahaba. Nionyeshe ulizonazo."

"Jamani, mpisheni nahodha!" akawaambia wenzake, nao wakacheka.

Alinionyesha mbili. Moja kubwa, yenye msukumo wa ratili hamsini na tano, iliyotengenezwa kwa ajili ya maji chumvi. Alinishauri niichukue pamoja na betri ya sola, ile inayotoa umeme taratibu kwa saa nyingi. Nyingine ilikuwa ndogo, ya ratili thelathini. Nilivaa miwani nikasoma ubavu wa boksi lake. Iliandikwa, kwa herufi ndogo mno, kwamba ni ya maji baridi tu, ya mito na maziwa, isitumike baharini. Muuzaji hakuwa amelisoma neno hilo. Mimi nililisoma mara mbili, kisha nikaligeuza boksi ili ubavu ule uelekee ukutani.

"Nipe hii ndogo," nikasema. "Na betri ya gari."

"Mama, betri ya gari ni ya kuwashia injini. Kazi ndefu haiiwezi, itakuzimia njiani."

"Hiyo hiyo."

"Haya. Nahodha ameamua."

Sikuwa nabana fedha. Nilitaka mota ile imshinde. Nilijiambia kwamba ataijaribu mara mbili tatu hapo hapo mbele ya nyumba, chumvi itaila, betri itakufa, atachoka na bahari. Atakaa barazani kama wazee wenzake, nami nitapata usingizi.

Kariakoo kitu cha umeme hakitoki dukani bila kujaribiwa. Iwe pasi, iwe balbu, iwe feni, muuzaji hukiwasha mbele ya macho yako. Kikifanya kazi umeridhika, na ukishavuka kizingiti mali hairudi. Basi aliibana mota kwenye ukingo wa kaunta, akaiunganisha na betri. Pangaboi lake la kusukumia maji lilizunguka kwa mvumo mzuri, likapeperusha ncha ya mtandio wangu. Mpita njia mmoja alisimama.

"Mama, hiyo inakufikisha Zanzibar chai haijapoa!"

Hewani kila pangaboi lina nguvu, kwa kuwa hakuna maji ya kulipinga. Nililijua hilo. Hata hivyo nilimpigia Mbwana, nikaisogeza simu karibu na mota ili asikie.

 Nikasikia pumzi yake inakatika.

"Naisikia, Dada. Naisikia."

Mdogo wangu alikuwa analia.

Adhuhuri nilikuwa kwake. Nilimkuta amevaa shati lake la zamani la bandarini, limepigwa pasi. Alifungua boksi kwa meno na mkono mmoja. Karatasi ya maelekezo aliisukuma pembeni bila kuikunjua.

"Ya nini? Amechagua Dada."

Nikaangalia ukutani, mahali anapoegemeza kasia. Halikuwepo.

"Kasia liko wapi?"

"Nimelifanya komeo la banda la kuku," alisema, akicheka. "Limestaafu kama sisi."

"Na kiapo chako?"

"Niliapa kwa sababu ya mkono. Sasa mkono si ndio huu umeniletea?" Akaipigapiga mota kama mtu anayempigapiga farasi. "Kesho alfajiri maji yakianza kupwa, natoka nayo hadi nje kabisa, kwenye changu wakubwa. Kurudi itanirudisha yenyewe."

Hapo ndipo nilipokiona nilichokifanya. Kasia lilikuwa linamchosha, na kuchoka kulikuwa kunamrudisha nyumbani. Mimi nimemwondolea kuchoka. Maji yatamtoa nje bila taabu, na wakati wa kurudi atabaki na betri iliyokufa na mkono mmoja, bila kasia.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikunywa chai yake. Nilimsifia kuku wake. Nikaaga.

Kivukoni nilisimama nikiyatazama maji na kujiambia kwamba nitampigia nikifika nyumbani. Nimefika. Mara ya kwanza nilimuuliza kama amekula. Mara ya pili nilimuuliza kuhusu dawa zake za presha. Yeye alijibu kwa furaha, kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi.

Nimeacha kuandika, nikampigia mara ya tatu. Naeleza kama ilivyokuwa.

"Mbwana, mota ile haifai. Ni ya maji baridi, na betri yake ni ya gari. Usitoke nayo kesho. Imeandikwa kwenye boksi, nami nilisoma."

"Ulisoma lini?"

"Dukani."

Nilisikia kuku wanalia nyuma yake.

"Kabla hujanipigia niusikie mvumo wake, au baada?"

"Kabla."

 Akasema kwa adabu kubwa, "Ahsante, Mwalimu," akakata simu.

Mji mzima huniita Mwalimu. Yeye tangu aanze kusema hajawahi kuniita ila Dada.

Nimempigia tena. Simu yake haipatikani. Sijui kama atalitoa kasia kwenye banda la kuku, au atakwenda baharini na ile mota ili tu nione. Namfahamu. Hasira zake hazina kelele, kwa hiyo huwezi kujua zimefika wapi.

Viatu vyangu nimeviweka mlangoni. Kivuko cha kwanza cha kesho nitakuwa ndani yake, na nikimkuta bado pwani nitaishika kayaki kwa mikono yangu miwili. Nitamwambia asiende. Ni neno lile lile nililomwambia mwezi uliopita, naye akalitii.

Safari hii atalitii kwa kumwamini nani?