Mbuni Mmoja Usiougua

Mpendwa mjukuu wangu Editha,

Shikamoo yako imefika, nami naijibu marahaba. Hapa Mpepai tu wazima. Mama yako amemaliza kuanika kahawa, na bibi yako anakusalimu sana.

Unauliza kama hiyo biokemia ya molekuli unayoisoma chuoni itakupa kazi, maana wenzako wanakucheka. Nikusimulie jambo.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Mbinga, ushirika ulishindwa kutukopesha tena dawa ya kunyunyizia, ikaadimika. Mimi nilikuwa kijana, mama yako ndiyo kwanza ameanza shule ya msingi. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ingali mbichi, ulitumaliza. Baba akashika shoka akate shamba zima. Siku hiyo akaja dada mmoja mtafiti, akazunguka, akasimama kwenye mbuni mmoja uliokuwa mzima.

"Mzee, huu usiukate," alisema. "Ndani yake kuna kitu kinachoukataa ugonjwa."

"Kitu gani?"

"Bado sikijui. Kukitafuta ndiyo kazi yangu."

Baba alicheka, lakini akaliweka shoka chini. Dada akaondoka na majani na vipandikizi, nasi tukamsahau. Miaka ikapita, akarudi na miche isiyougua. Kahawa ya miche hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yako.

Nani atakuajiri, maabara, hospitali au kituo cha utafiti, mimi sijui. Ila siku ile alipoileta miche tuliigombania, na hakuna aliyekumbuka kumshukuru yule dada hadi gari lake lilipoondoka. Kwa hiyo wewe nakuambia mapema: asante, mwanangu.

Babu yako