Shangazi kamkagua fundi cherehani

Shoga, acha unachofanya usome. Natoka sasa hivi kwa fundi anayemshonea mdogo wangu gauni la harusi.

Mdogo wangu alichelewa kazini, basi fundi akalivaa gauni mwenyewe aone linavyoanguka. Akaingia shangazi wa bwana harusi, ambaye hajawahi kumwona bibi harusi. Akamzunguka fundi taratibu, akamkagua shingo, nyonga, mpaka mwendo. Fundi ana pini mdomoni, hawezi kusema.

"Huyu hajaguswa," shangazi akatangaza, akidhani ndiye bibi harusi. "Mimi sidanganyiki."

Hajaguswa, shoga. Fundi ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya.

Mdogo wangu akafika na mchumba wake, nikawasimulia. Mdogo wangu hakucheka. "Shangazi, mwili hauna muhuri. Mwenzangu aliniuliza, nikamwambia kweli: nilikuwa na mtu kabla yake."

Shangazi akatafuta kiti.

"Na yeye je?" fundi akauliza, pini keshazitema.

"Nilimuuliza. Anakwepa mpaka leo." Akamgeukia mchumba wake. "Haya, jibu mbele ya shangazi yako."

Bwana harusi akakohoa. "Hayo tutaongea tukishaoana."

"Basi fundi, livue," mdogo wangu akasema kwa upole. "Pindo litasubiri jibu lake."