Nilikosea Kuhusu Jua, na Sirudi Nyumbani

Rongai,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umeketi, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyokuambia. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, ama umempa Kukhu yote? Na huyo nyanya yetu Kukhu, bado anakataa kula ugali wa mtu mwingine isipokuwa wako? Mimi ni mzima. Joto limezidi huku, vumbi nalo limeingia mpaka ndani ya sufuria, na malori ya nafaka ya kwenda Eldoret hayalali, kwa hivyo hata sisi tunaokaa karibu na barabara hatulali. Nakula vizuri. Najua utauliza, kwa hivyo nimejibu mapema.

Sasa, Mama, kuhusu ile pikapu.

Kaka Wycliffe atakuwa amekufikia kabla ya barua hii. Alikuja nayo, pamoja na kamba na magunia ya kufungia vitu vyangu, na amerudi Malava bila kitanda changu, bila meza yangu na bila mimi. Kitu pekee alichobeba ni gunia la viazi vya Olenguruone nililokununulia. Atakuambia nimepata kichwa kigumu. Ni kweli. Lakini usikie na upande wangu, na nimeuandika kwa sababu kwa simu utalia, nami nitalia, na tutakata hatujasema kitu.

Wewe huwaambia akina mama kanisani ati nafundisha sayansi. Sijawahi kukurekebisha, lakini kazi yangu pale chuoni Nakuru ilikuwa kupima jua. Asubuhi, kabla mawingu hayajashuka kutoka Mau, naelekeza darubini juani. Silitazami kwa macho, usiogope. Mwanga unapita ndani ya darubini na kuanguka juu ya karatasi nyeupe, na pale karatasini jua linakaa mviringo kama sahani, na madoa yake meusi yanaonekana wazi. Nayachora. Kila kundi la madoa linahesabiwa kumi, kisha naongeza doa mojamoja, napata namba ya siku hiyo. Madoa hayo huongezeka na kupungua, huongezeka na kupungua, mzunguko mmoja ukichukua kama miaka kumi na mmoja. Yakiwa mengi, jua hurusha dhoruba. Wewe hutaisikia mwilini, lakini redio huisikia, na setilaiti pia.

Mzunguko huu ulipokuwa unaanza nilialikwa kuongea na chama cha wakulima hapa Rongai. Walikuwa wamenunua kifaa cha setilaiti cha kuongoza trekta, ili mistari ya kupanda inyooke hata dereva akichoka. Mwenyekiti wao, Mama Chebet, mwanamke mrefu anayeongea akiwa amefunga macho kidogo, aliniuliza kama jua litawasumbua. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema hapana. Mzunguko uliopita ulikuwa mpole, na sumaku iliyopimwa kwenye ncha za jua ilionyesha huu pia utakuwa mpole. Hata wataalamu wengi wa ng'ambo walisema hivyo. Lakini sio wao waliosimama Rongai, Mama. Ni mimi.

Jua halikunisikiliza. Madoa yalipanda mwezi baada ya mwezi, yakaipita namba yangu, yakaendelea kupanda. Nilianza kuwaambia wakulima wajihadhari, lakini watu hushika neno la kwanza. Halafu mwaka jana, wakikimbizana na mvua, walipanda mpaka jioni, na jioni hiyo ikaja dhoruba kubwa ya jua. Kifaa kikapoteza setilaiti. Trekta likaenda huku na kule, mbegu zikamwagika mara mbili mahali pamoja na mahali pengine zisianguke kabisa. Dereva alidhani ni kifaa kinajirekebisha, akaendelea. Mahindi yalipoota, Mama, shamba lile lilikuwa kama kichwa kilichosukwa na mtu anayesinzia. Na liko kando ya barabara! Msimu mzima watu wa magari walikuwa wakipunguza mwendo ili wacheke.

Wakulima wakaitisha mkutano. Mkuu wa idara yetu akaniita ofisini kabla sijaenda.

"Truphena, utawaambia walikuelewa vibaya."

"Lakini walinielewa vizuri, sir."

"Kuna mahali umeandika?"

"Hakuna."

"Basi. Hukusema."

"Nilisema kwa mdomo wangu. Walikuwa ukumbi mzima."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hapa ni jina la chuo. Ukienda kule ukajidai mkweli, usirudi hapa kuniuliza mambo ya mkataba."

Nilienda. Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama madirishani. Nikawaambia: nilisema jua litakuwa pole, na halikuwa pole. Nilikosea. Kesho asubuhi nitalipima tena, na nikiona kitu nitawaambia, na kila nikiwaambia nitawaambia pia ninaweza kukosea kwa kiasi gani.

Mzee mmoja akainua mkono. "Madam, mimi nina swali moja tu. Wewe na yule jamaa wa kupiga ramli pale sokoni, tofauti yenu ni gani?"

Walicheka mpaka mabati yakalia. Nilingoja wamalize.

"Yule ramli yake ikikataa, mzee, atakuambia wewe ndiye ulikosea masharti. Mimi nimekuja kwa miguu yangu kukuambia nimekosea mimi."

Hakuna aliyenipigia makofi, usifikiri. Mama mmoja alisema, "Na mahindi yangu?" Nilibaki nimesimama nikiangalia viatu vyangu mpaka Mama Chebet akafunga mkutano kwa maombi.

Mkataba wangu ulipoisha haukuandikwa mwingine. Kile chumba changu cha jua sasa wanawekea viti vya plastiki. Darubini ilikuwa yangu mwenyewe, kwa hivyo niliifunga kwa blanketi nikaja nayo Rongai, nikapata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya upili hapa. Napima jua kwenye ua kabla ya kwenda darasani. Mke wa landilodi alidhani napeleleza nyumba yake. Nilimwita akaona madoa kwenye karatasi, akasema, "Kumbe hata hilo lina chunusi," akaenda zake kufua.

Hapo ndipo Wycliffe aliponikuta, Jumatano. Hata salamu hakumaliza.

"Funga hiyo kitu. Twende nyumbani."

"Umekula?"

"Trufi, watu wanatucheka. Kanisani wananiuliza kama yule wa jua ni dada yangu."

"Waambie ni mimi."

"Kuna nafasi shule ya pale kwetu. Mwalimu mkuu amekubali. Mama analia kila siku."

"Mama ndiye amekutuma?"

Akaanza kukunja kamba. Kwa hivyo, Mama, sijui kama ni machozi yako yaliyotumwa au ni aibu yake. Utaniambia.

"Kwani jua linakulipa?" akauliza.

"Halinilipi."

"Sasa unang'ang'ania nini?"

Nikamwambia jua limekuwa likipanda na kushuka hivi tangu kabla ya babu zetu, na kila kinachojulikana kulihusu kimejulikana kwa sababu mtu fulani aliamka akahesabu, hata siku ambayo alionekana mjinga. Niache kuhesabu kwa sababu nimechekwa? Kama ningeacha sasa, ningekuwa nimekosea mara mbili. Sitaki kukosea mara mbili.

Tukiwa bado tunabishana, Mama Chebet akaingia kwa lango, gambuti zina vumbi. Hakuwa amenitembelea tangu ule mkutano. Akamsalimia Wycliffe, akanigeukia.

"Madam, kesho tunaanza kupanda. Jua linasemaje?"

Wycliffe akacheka kwa uchungu. "Si ni huyu aliwakosesha?"

"Ni huyu," Mama Chebet akasema. "Wale waliotuuzia kifaa hawajawahi kukosea, na simu zao hazipatikani. Huyu nikimpigia anashika."

Nikamwonyesha Mama Chebet mchoro wa asubuhi hiyo: kundi kubwa la madoa karibu katikati ya uso wa jua, yaani limetuelekea sisi. Nikamwambia mzunguko umeanza kushuka, lakini hata ukishuka dhoruba kubwa bado huja. Kundi lile linaweza kurusha, linaweza kunyamaza, sijui. Kama shamba lingekuwa langu, ningetumia setilaiti asubuhi, na jioni, ambapo huku kwetu dhoruba huiyumbisha setilaiti zaidi, ningefuata vijiti na kamba.

"Vijiti vitatuchelewesha."

"Vitawachelewesha."

"Na dhoruba isipokuja?"

"Mtanicheka."

Akafunga macho kidogo. "Wewe sema tu unachoona. Tukikasirika tutakasirika."

Walipanda Alhamisi mpaka jana, jioni wakitumia vijiti na kamba. Dhoruba haikuja. Hakuna kitu, Mama. Setilaiti hazikuyumba hata kidogo. Jana jioni dereva wa trekta akipita hapa alipunga kofia na kupaza sauti, "Madam! Jua lako limelala!" Na watu wa kibanda cha chai wakacheka. Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko yake kwamba leo nitaliamkia tena. Na nimeliamkia. Lile kundi linaelekea ukingoni, limeanza kuvunjikavunjika, na nimelichora jinsi lilivyo.

Wycliffe alilala hapa siku mbili. Nilimwomba aje aone karatasi, akasema hataki. Sikumlazimisha. Tuliachana vizuri lakini kwa baridi, akanishika mkono badala ya kunikumbatia. Usimkemee. Alitoka mbali kwa ajili yangu.

Lakini sirudi, Mama. Mwambie mwalimu mkuu asante, atafute mwingine. Mama Chebet amenitaka nihudhurie mkutano wao ujao, na kuna watakaoniuliza kama mzunguko unaofuata utakuwa mkali au mpole. Nitawaambia bado sijui, kwamba lazima tungoje jua litulie ndipo tupime ncha zake. Wataguna. Wacha wagune. Na siku nitakayokuwa na namba, nitaisema mbele ya ukumbi ule ule.

Nisalimie Kukhu, umwambie viazi hivyo ni vya kuchemsha na si vya kugawa kijiji kizima. Nisalimie senje Rasoa, dada yake baba, ambaye alinilipia karo akisema nisome mpaka wanaonicheka wachoke wao. Mwambie bado hawajachoka, wala mimi. Fridah mdogo wangu aache kuwapiga watoto wa shule wanaoniita nabii wa uongo, awacheke tu. Na Wycliffe, akishatulia, umpe chai yenye tangawizi umwambie ni kutoka kwangu.

Nikikosea tena, Mama, hutasikia kanisani. Nitakuandikia mimi mwenyewe, kabla ya mtu yeyote.

Binti yako asiyekuja na pikapu,
Truphena