Vigingi Tulivyopigilia Wampembe

Mpendwa Shemeji,

Nianze na bahati yangu, maana najua huko uliko hakuna anayejisifu mbele yako kwa kiwango changu. Kuanzia Laela mpaka Wampembe hajazaliwa mtu wa kunizidi bahati. Jumamosi iliyopita nilifanya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha sayansi, na watu walijaa, Shemeji. Walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Madawati ya darasa lako hayakutosha, tukaazima mabenchi kanisani. Mimi nikasimama mbele na koti langu la Lusaka, lile ulilosema linanifanya nifanane na mhubiri anayetafutwa na polisi, nikagonga meza mara moja tu, kimya. Hata maprofesa hawasikilizwi hivyo.

Unacheka. Cheka tu, wewe ndiye uliyeniweka kwenye kiti kile.

Nakumbuka ulivyoingia dukani kwangu Majengo, ukashikashika bidhaa bila kununua kitu kama kawaida ya ndugu wa mke, halafu ukasema mnaanzisha chama cha sayansi cha Ufipa nzima na mnatafuta mwenyekiti. Nikakuuliza chama cha wasomi kinamtaka kwa lipi mtu aliyeishia Kidato cha Pili, tena hicho cha pili chenyewe nilikiona kupitia dirishani. Hukuona hata aibu.

"Kwa Fuso," ulisema.

Basi nikawa mwenyekiti kwa ajili ya lori. Lakini nilikuambia, na narudia, kwamba sikuwa mtu wa kuokotwa. Mimi nimefika Lubumbashi, nimefika Mpulungu, nimelala hoteli ya Lusaka yenye lifti na nikapanda nayo na kushuka mpaka mlinzi akaniuliza nina shida gani. Kariakoo nikitaja tu kwamba natoka Sumbawanga, muuzaji anashusha bei mwenyewe kabla sijafungua mdomo, anaogopa nisije nikamfanyia mambo ya kichawi. Nilikuwa nakusimulia hilo nikijua litakuudhi. Ulikuwa unavua miwani, unaifuta taratibu, halafu unasema ndiyo sababu tunahitaji chama. Ulitaka siku moja mtu wa Kariakoo akisikia Sumbawanga aulize habari za mvua zetu na ulezi wetu. Nikakujibu kwamba siku hiyo ikifika, mimi nitakuwa nanunua kwa bei ya kawaida.

Hata hivyo nilikuja. Kwanza kwa heshima ya dada yako, baadaye kwa raha yangu mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa mnunuzi wa mahindi, natukanwa na wakulima na wanunuzi wenzangu kwa zamu, ila wiki ile moja baada ya mavuno, upepo wa Ufipa ukichoma masikio, nilikuwa mwanasayansi. Mkutano mkuu darasani kwako. Kesho yake maonyesho ya wanafunzi. Sista wetu wa kemia na povu lake lililopanda mpaka likamfuata mgeni rasmi kwenye kiti. Daktari wa mifugo na tumbo la ng'ombe ndani ya beseni, akieleza jinsi ng'ombe anavyocheua, mpaka nusu ya wanafunzi wakaacha chakula cha mchana, na mimi kama mwenyekiti nikalazimika kuwasaidia kukimaliza.

Na baada ya hapo, ziwani.

Shemeji, mimi nimesafiri, lakini sijawahi kusafiri kama tulivyokuwa tukiteremka kwenda Wampembe. Chama kizima nyuma ya Fuso, Sista akiwa mbele na mimi kwa ajili ya vumbi, nyinyi huko nyuma mnaimba nyimbo za harusi kwa kukosa nyimbo za sayansi. Baridi ya juu inabaki juu, joto la ziwa linapanda kukupokea, mtu anavua sweta kila kona. Tukifika kwa mama yako, mimi na heshima zangu za ukwe nakaa upande wa pili wa ua, lakini samaki mkubwa kuliko wote, mgebuka, anavushwa ua analetwa kwangu. Ulikuwa unalalamika kwamba mama yako anampenda dereva kuliko mwanawe.

Asubuhi, maji yakiwa yametulia, tunapigilia kigingi cha alama ya maji ya mwaka ule. Vigingi vilikuwa vipande vya bomba la chuma nilivyotoa mimi kwenye chuma chakavu changu, tukavipaka nyekundu na nyeupe. Wewe unakunja suruali, unapiga magoti mahali maji yanapoishia, unasema hapa. Mimi natwanga. Ulisema kazi ya nyundo haihitaji cheti, nikasema ndiyo maana inafanyika vizuri. Cha kwanza tulikiweka karibu na kichanja cha mama cha kuanikia dagaa. Mwaka uliofuata maji yalikuwa yamerudi nyuma, tukashuka tukapigilia kingine chini yake. Mwaka mwingine, chini zaidi. Ziwa lilikuwa linarudi kinyumenyume kama mkwe aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Ukisimama kwenye kichanja unaviona vyote vimejipanga kushuka, na wewe ulikuwa unaviangalia kama mtu anayeangalia wanawe wakienda shule.

Siku hizo nilikuwa na furaha. Sikukuambia, kwa sababu mwenyekiti hasemi maneno hayo kwa katibu wake.

Halafu ziwa likageuka. Mwaka wa kwanza kile kigingi cha mwisho hatukukiona, tukasema ni mawimbi. Uliofuata vikawa vimezama karibu vyote. Na mwaka ule, unaukumbuka, tulifika tukakuta maji yamevuka kichanja, na kigingi cha kwanza kabisa hakipo. Ukaingia na suruali yako ya kazini mpaka kiunoni, ukawa unapapasa kwa mguu huku na huku. Mimi nikapiga kelele kutoka nchi kavu kwamba vigingi vimekwenda kuoga. Sista alicheka kidogo kwa huruma. Wewe hukucheka. Ulisimama pale ndani ya maji, umenipa mgongo.

"Shemeji, tumepima kuondoka tu," ulisema. "Hatukuweka hata kigingi kimoja cha kurudi."

Ilikuwa kweli. Watu wote wale wenye vyeti, na mimi mwenye nyundo, miaka yote tulishuka na maji tukiyafuata. Hakuna aliyewaza kupanda huku juu, upande wa nyumba za watu.

Mchana ule watu wa Wampembe wakatuita. Sitasahau jinsi walivyokuwa na adabu, laiti wangetutukana. Walitupa viti, wao wakakaa chini. Yule mzee mwenye nyumba ya pili kutoka majini, aliyekuwa akituazima nyundo yake kubwa, ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake.

"Mwalimu, miaka yote mlikuwa mnalifuata ziwa kwa nyundo. Sasa limegeuka, linawafuata nyinyi, na sisi ndio tuko katikati."

Ukajieleza. Na ulieleza vizuri, mimi ni shahidi, ulieleza mpaka mimi nikaelewa. Mvua za miaka ile, mito yote inayoingia, na mlango mmoja tu wa kutokea kule upande wa Kongo. Ukasema chuma cha bomba hakiwezi kuita maji. Walitikisa vichwa, wakasema ahsante Mwalimu, tumesikia. Kisha yule mama mwenye mtoto mgongoni akauliza, bila ubishi wowote, kama mtu anayeuliza saa:

"Kwa hiyo litaishia nyumba ya nani?"

Shemeji, nilikutazama. Nilikuwa nakuamini kiasi kwamba nilisubiri jibu kama wao. Ulivua miwani, ukaanza kuifuta, ikawa haishi kufutika.

"Sijui, mama," ulisema.

Akakushukuru. Wakatuomba tusipigilie tena. Tukapanda Fuso, na njia nzima ya kupanda mlima hakuna aliyeimba, hata Sista alitaka kukaa nyuma na wenzake kwenye vumbi. Mimi nilijaribu utani mmoja kwenye kona ya tatu. Ukaanguka njiani peke yake.

Chama hakikuvunjika siku ile, kiliondoka mtu mmoja mmoja kwa sababu nzuri kabisa. Sista alihamishwa na shirika lake. Mpima ardhi wetu alipata kazi Mbeya. Mwingine akaingia siasa, akawa ana kila jibu. Kundi letu la wasapu likageuka mahali pa rambirambi na matangazo ya mbolea. Wewe uliendelea kuandika mle: ndugu wanachama, nakumbusha mkutano. Tiki mbili za buluu, na kimya. Mimi peke yangu nilikuwa nakujibu kwa kidole gumba, na ukaniambia kidole cha shemeji si akidi.

Kisha figo zako. Sitaki kuongea sana habari za wodini. Nitasema tu kwamba nilikuwa nakuja na uji wa ulezi wa dada yako na uongo mpya kila jioni, leo nimeuza hivi, kesho nanunua lori la pili, nawe ulikuwa unasikiliza umefumba macho ukitabasamu kama mtu anayesikia mvua ya jirani. Jioni moja ukanikatiza. Ulisema unajua chama hakina watu. Ulisema hutaki nikihangaikie.

"Ila kikifa, kife kwenye mkutano," ulisema. "Watu wakae, waseme tumefunga, waagane. Kisife kimya kama mbwa wa barabarani."

Nikakuahidi. Nilikuahidi kwa sauti kubwa hata muuguzi akanitazama, maana mimi ahadi zangu nazitoa kwa sauti.

Sasa sikiliza ujanja wako ulivyonitega. Katiba uliiandika wewe, ukaweka kwamba chama hakiwezi kufungwa mpaka nusu ya wanachama wawe wamekaa ukumbini. Ulisema ni kukikinga na mtu mmoja mwenye hasira. Uliwaza hasira, Shemeji. Hukuwaza siku ambayo hakuna mtu atakayekuwa na hasira.

Ndiyo maana niliitisha mkutano ule wa Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja tu, kukifunga. Nilimpigia kila mwanachama, hata yule wa siasa. Daktari wa mifugo amestaafu, yuko Laela analima mahindi yake, na alikuwa mpole sana kwenye simu. Aliniuliza habari za dada yako, habari za mama, habari za lori. Kisha akasema, "Mwenyekiti, si kila kitu kinazikwa. Vingine vinaachwa tu." Nikamwambia hiki si kitu cha kuacha. Akasema ataangalia.

Mama yuko kwetu, lazima nikuambie. Nyumba ya Wampembe imebaki kona moja ya ukuta, na mitumbwi inafungwa kwenye nguzo ya baraza aliyokuwa akiegemea. Tulimpandisha na kitanda chake na masufuria. Anajifunika mablanketi mawili mchana kweupe, anasema Sumbawanga ni friji lililosahauliwa mlango wazi. Na ukwe wetu umetushinda, nyumba ni ndogo, tunapishana koridoni kila saa, yeye anageukia ukuta na mimi nageukia ukuta mwingine. Kila mtu akipita kutoka ziwani anamuuliza maji yamefika kwa nani. Wanamtajia jina. Naye anataja jina linalofuata, la nyumba iliyo juu ya hiyo. Mpaka sasa hajakosea.

Mimi ziwani siendi tena. Nikienda nifanye nini? Nitapigilia wapi? Zamani nilidhani tukipima kitu tumekishika mkia. Sasa naona tulikuwa tunakisindikiza tu, tena kiliporudi hakikutuona. Na wewe uliyekuwa ukijua kusema sijui bila kudharaulika, umeniachia mimi niseme, na mimi nikisema sijui watu wanacheka, wanadhani ni utani mwingine.

Asubuhi ya Jumamosi nilifagia mwenyewe darasa lako. Dada yako alipika pilau ya watu wengi, akanipigia pasi koti. Nilikuwa nimejifunza hotuba, ya kumshukuru kila mtu kwa jina na kwa kazi yake, Sista kwa povu, daktari kwa beseni, wewe kwa kupiga magoti kwenye tope ukasema hapa. Mwisho ningeuliza nani anaafiki, mikono ingepanda, tungekula, tungeagana. Hivyo tu. Sikutaka zaidi ya hivyo.

Basi pumzika, Shemeji. Baridi imeanza, dada yako anaita chakula, na leo ni pilau tena. Mama anakusalimia, ingawa yeye anakusalimia kila jioni bila barua.

Ile bahati niliyojisifia pale juu ni ya uongo. Mabenchi hayakuazimwa. Nilisimama mbele ya darasa mpaka jua likazama, na hakuja mtu.

Shemeji yako,
Mwenyekiti