Sweta la Kwenda Ghuba

Jumapili, 4 Juni 1995

Natangaza rasmi, mbele ya kuku wawili na jogoo wa jirani: kuanzia leo kipimajoto kimehama ukuta wa magharibi kwenda ukuta wa kusini, kwenye kivuli. Hakuna aliyepinga.

Saa nane mchana, nyuzi ishirini na saba. Mtaa wetu wote wa Igogo unajifuta jasho na kuilaumu Ikweta. Ikweta inasingiziwa mengi.

Tangu kiwanda cha pamba kiuzwe kwa mtu binafsi na sisi wa stoo tupunguzwe, nafanya kazi ya hali ya hewa. Haina mshahara. Haina bosi pia.

Jumanne, 6 Juni

Shemeji Deo, kaka wa mke wangu, amekuja na suti na habari. Anauza mitumba sokoni Mirongo, soko huria limemnenepesha. Anamjua wakala mmoja wa Dar anayepeleka wasichana Ghuba, kazi za nyumbani. Amempatia nafasi binti yangu Sabina. Miaka miwili.

Sabina amemaliza kidato cha nne na anaanika dagaa za watu juu ya mawe. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Mimi sikufurahi. Nikaenda kwenye atlasi.

Atlasi niliipata shule ilipouza vitabu chakavu kwa kilo. Wauza karanga walibeba historia na hesabu. Mimi nikabaki na dunia.

Ijumaa, 9 Juni

Ramani ya joto, Julai. Kwetu rangi ni ya chai ya maziwa. Nyekundu iko mbali. Inaanzia Sahara, inavuka Uarabuni, inapanda Ghuba mpaka Iraki, kupita latitudo ya digrii thelathini kaskazini. Kuna hata kitone Uchina, kwenye bonde la jangwa, juu ya digrii arobaini. Majira yale jua la huko linachelewa kuzama na hakuna wingu la kulizuia. Sisi tuko kwenye mwinuko, tuna mawingu, tuna ziwa. Watu wa Ikweta tunaishi kibaridi bila kujua.

Ghuba: nyuzi thelathini na tano na zaidi. Huo ni wastani. Maana yake usiku nao umo ndani. Mtu hapumziki hata akilala.

Nimemwonyesha Sabina. Ameangalia kwa adabu, kama anavyoangalia picha za harusi ya watu asiowajua.

Jumapili, 11 Juni

Jumuiya imesali kwetu. Kina mama wamekubaliana kumfumia Sabina sweta. Zito, la shingo ndefu. Mtoto wa kwanza wa katekista alisoma Urusi, akarudi na habari za theluji. Tangu hapo kwa watu wa Igogo ng'ambo yote ni Urusi.

Nimesimama nikaeleza. Nimefungua atlasi. Nimeonyesha nyekundu kwa kidole. Mwenyekiti wa jumuiya akasema kwa upole kwamba kama baba hana uwezo wa nyuzi za sufu, aseme tu, watachanga. Watu wakanihurumia. Mke wangu hakunitazama mpaka wageni walipoondoka.

Jumamosi, 17 Juni

Nimemwalika Deo chakula cha mchana. Nimemkaribisha kwenye kibanda cha mabati, nikafunga dirisha kwa kisingizio cha nzi. Kipimajoto nilikining'iniza nyuma yake. Thelathini na sita. Nilitaka aionje Ghuba kwa mwili wake.

Amekula sato mzima. Ameloa mpaka tai. Akasema dada yake siku hizi anazidisha pilipili.

Kwenye kunawa mikono akataja kwamba pasipoti ya Sabina itatunzwa na mwenye nyumba huko, ndiyo utaratibu. Mimi nikaendelea kumweleza maana ya wastani.

Jumapili, 25 Juni

Sweta limekamilika. Rangi ya kahawia, vifungo sita. Sabina amelijaribu mbele ya kina mama, wakapiga vigelegele, jasho linamtiririka shingoni. Nilicheka peke yangu. Si kicheko kizuri.

Baadaye nimemwita pembeni. Nimemwambia asiende, kule si pa binadamu, hewa inaunguza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Sawa baba. Na hapa penye nafuu, kazi iko wapi?"

Ramani hiyo sina.

Jumatano, 28 Juni

Ameondoka na treni ya jioni, Deo anamsindikiza mpaka Dar. Sweta alilishika mkononi, kwenye begi halikuingia. Stesheni mke wangu alilia, mimi nikamwambia binti anywe maji mengi na asifanye kazi juani saa za mchana. Kama vile yeye ndiye atakayepanga.

Nyuzi ishirini na nne. Upepo wa ziwani.

Jumamosi, 15 Julai

Hakuna habari. Deo anasema kimya ni dalili njema. Deo kwake kila kitu ni dalili njema.

Sasa huko ndiyo katikati ya ule wekundu. Nikipita kwenye mawe ya dagaa saa saba, yanapochoma miguu, namuona yeye. Anafua. Anaanika. Yuko juani. Namchukia Deo. Nawachukia na kina mama wa sweta, ingawa wananiletea ndizi.

Jumatatu, 14 Agosti

Sabina amepiga simu dukani kwa Deo. Nilikuwepo, naenda kila siku siku hizi, Deo ananiita mlinzi wake.

"Shikamoo baba."

Nikaitikia, nikauliza joto. Swali nimelikalia wiki zote hizi. Likatoka kabla ya kumuuliza hali.

"Joto sijui, baba. Humu ndani kuna mashine ya baridi, inawaka kutwa. Sweta silivui. Nje sijatoka tangu nifike. Mlango wanafunga kwa ufunguo."

Simu ikakatika. Nimemwambia Deo atafute wakala. Amesema wakala amehama ofisi. Kuhusu mlango akasema ni usalama, wenzetu wana mali.

Jumapili, 20 Agosti

Jumuiya ilikuwa kwa jirani. Wakauliza habari za Sabina. Nimesema yote, la sweta na la mlango. Atlasi sikuibeba.

Wamemshukuru Mungu kwa ajili ya sweta.

Wameanza kufuma la pili. Ni la binti wa katekista. Anaondoka Oktoba.