Salamu ndani ya asanseri

Bukavu, Jumanne, Aprili 1957

Kwa nini sikumjibu? Lilitakiwa neno moja tu.

Asubuhi nilipanda asanseri ya biro, kile chumba kidogo kinachopandisha watu ghorofani, pamoja na Mudirekta, mzungu mkubwa wetu wa kazi. Tangu nianze ukarani pale nimejifunza adabu ya wazungu mle ndani: unavua kofia, unatazama mlango, unanyamaza. Nimekuwa hodari wa kunyamaza.

Mlango ulipotaka kufungwa akaingia mama mzee kutoka Mwenga, mkononi ana karatasi za marehemu mume wake aliyekufa mgodini.

"Jambo yenu," akasema.

Nikanyamaza. Akarudia. Tulipoanza kupanda alishtuka, akanishika mkono. Nami nikautoa mkono wangu polepole, kwa sababu Mudirekta alikuwa anaona.

Basi Mudirekta mwenyewe akamgeukia. "Jambo, mama. Usiogope, haiwezi kuanguka."

Masikio yaliniwaka moto. Mzungu!

Saa sita nilimkuta yule mama kwenye ngazi. Alikuwa amekataa kushuka kwa asanseri.

"Mama, unisamehe. Jambo."

"Jambo, mutoto yangu." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Nilizani weye haujue Kiswahili."

Nilimshika mkono mpaka chini, ngazi zote, na hakuniuliza hata jina.

Sijamwambia mke wangu. Ataniuliza: kama angeingia mama yako mwenyewe, mbele ya Mudirekta, ungefanya nini? Nimekaa hapa na swali hilo tangu tulipomaliza kula. Ningependa kuandika kwamba ningemsalimia.