Mapera ya Baba

Jumapili usiku

Nguruwe! Mapera yangu yote wamepewa nguruwe. Niliyachuma jana kwa ajili ya Baba, nikayaosha, nikayaacha kwenye ungo mezani. Leo narudi kutoka kanisani, ungo mtupu.

"Mzee hali chakula cha watoto," kaka Aloisi akaniambia, bila hata aibu.

Yeye kaleta kopo la juisi ya unga kutoka Tarakea. Eti ina vitamini, imeandikwa. Sukari na rangi tu! Baba anatokwa na damu kwenye fizi, kidonda cha mguu hakifungi, na daktari alimweleza Aloisi huyohuyo: mwili umeishiwa zile vitamini za kuukinga, ale matunda, ale mboga zisizochemshwa mpaka zikalegea. Lakini kwetu mwanamume akishaota mvi ni nyama na pombe ya mbege. Matunda ni ya watoto na ndege.

Nimefoka mpaka majirani wamesikia. Baba ameshika tu kikombe chake cha juisi. Ule mguu unanitisha, na hakuna anayenisikiliza.

Jioni nimeenda kukata majani ya ng'ombe. Nimemkuta Baba nyuma ya migomba, ameupa mgongo uwanja wa nyumba, anatafuna pera. Aliponiona akalificha mfukoni haraka.

"Usimwambie kaka yako," akasema.

Kihamba, shamba hili lote la nyumbani, ni chake. Ule mpera aliupanda mwenyewe.